Boriti Niliyoipitisha

Mwezi uliopita mlinialika chuoni Nchiru, nyinyi mnaosomea uhandisi, nije niwaeleze maisha yangu ya kazi kwenye madaraja ya treni za jijini. Nilivaa koti langu la harusi, nikaongea karibu saa nzima. Mlicheka, mkapiga makofi, mkanipa chai na mandazi mawili. Msichana mmoja aliyekaa mbele akaniita babu, akaniuliza, "Guka, katika miaka hiyo yote, kuna kitu unajutia?" Nikamjibu kwamba najutia kutovaa glavu. Mkacheka tena.

Nilimdanganya yule msichana. Ndiyo maana naandika.

Naitwa Njagi. Nimezaliwa upande wa chini wa Ishiara, ng'ambo ya mto, huko ambako jua huiva kabla ya maembe. Treni haijawahi kufika kwetu. Haikufika Embu, haikufika Meru, na wazee wetu waliizungumzia kama watu wanavyozungumzia theluji. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili nilipoiona mara ya kwanza, pale Nairobi, na niliiona nikiwa chini yake.

Nilikuwa nimeandikwa na kampuni iliyopewa kandarasi ya kutengeneza madaraja ya reli. Jina lake silitaji. Ilishakufa na wenyewe wakatawanyika. Siku ya kwanza niliketishwa kwenye ubao ulioning'inizwa kwa kamba, mto chini, reli juu, nikapewa brashi ya waya nikwangue kutu. Saa moja kasoro asubuhi ikaja treni ya wafanyakazi kutoka mitaa ya mashariki, watu wamening'inia milangoni kama popo. Hakuna aliyekuwa ameniambia. Daraja zima likaanza kuhema. Nikakumbatia boriti nikamwita mama yangu kwa jina lake la ubatizo. Treni ilipomalizika kupita, kiatu cha mwanamke kikaanguka kikanigonga bega, na nikasikia mtu akicheka juu ya kichwa changu.

"Hicho ni cha kulia," akasema. "Ukipata cha kushoto, tunauza."

Huyo alikuwa Fundi Mutisya, Mkamba kutoka Kibwezi, mtu mfupi mwenye masikio makubwa. Masikio hayo ndiyo yaliyokuwa yakimlisha, kwa sababu kazi yake ilikuwa kusikiliza vyuma. Daraja lile tulikuwa tunaliita Nyanya, kama bibi kizee. Lilikuwa la zamani kuliko mtu yeyote tuliyemjua, lote limeshikwa kwa ribiti, misumari minene yenye vichwa pande zote mbili, maelfu yake, na kila ribiti ilitakiwa kugongwa mara mbili kwa mwaka.

Mutisya alinifundisha hivi. Unaweka kidole upande mmoja wa kichwa cha ribiti, unagonga upande wa pili kwa nyundo ndogo. Ribiti ikiwa imeshika, kidole hakisikii kitu na chuma kinalia kama kengele ya shule. Ikiwa imelegea, kidole kinatekenywa na chuma kinalia kama debe. Wiki ya kwanza niligonga kidole zaidi ya nilivyogonga ribiti. Kucha mbili ziling'oka. Mutisya akaniambia nisihuzunike, kwa kuwa kidole kilichovimba kinasikia vizuri zaidi. Nilimwamini kwa mwaka mzima.

Kosa langu la kwanza kubwa lilikuwa la rangi. Tulikuwa tunataka kumaliza kipande fulani kabla ya Ijumaa, kukawa na umande, nikapaka rangi juu ya kutu ambayo haijakauka. Ilipendeza sana. Mutisya alipita, akaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka kama ganda la yai.

"Umeivalisha maiti suti," akasema. "Sasa ivue."

Nikaivua kwa siku nne.

Kutafuta ufa ndiyo ilikuwa kazi yenyewe hasa. Nyinyi siku hizi mnayo mashine ya sauti. Nimeiona, mnapaka chuma mafuta mazito na kupitisha kile kidude, kama mama mjamzito kliniki, halafu ufa unatokea kwenye kioo. Sisi tulikuwa na mafuta ya taa na chaki. Unasafisha chuma hadi king'ae, unapaka mafuta ya taa, unangoja, unafuta hadi pakauke kabisa, halafu unasugua chaki. Kama kuna ufa, mafuta yaliyojificha ndani yanatoka na kuchora mstari kwenye chaki. Unauona ukija polepole, mstari mwembamba kama unywele wa mtoto. Kisha unachukua tindo lenye ncha na kupiga nukta pale ufa unapoishia. Ukirudi baada ya miezi mitatu ukakuta ufa umeipita nukta, unajua kwamba kitu hicho kiko hai na kinatembea.

Hayo yote niliwaeleza Nchiru. Hapa ndipo nilipokatia, nikaomba chai.

Siku moja, chini ya boriti ya mashariki ya kipande cha kati, chaki yangu ilichora mstari. Ulianzia kwenye tundu la ribiti ukashuka kuelekea ukingo. Nikamwita Mutisya. Akalala chali juu ya ubao, akautazama muda mrefu, akapiga nukta mwenyewe. Miezi mitatu baadaye ufa ulikuwa umeipita nukta kwa upana wa kidole.

"Huyu Nyanya amechoka," akasema. "Tumwambie ukweli."

Mutisya akaandika ripoti. Kwa hilo siwezi kuwalaumu wakubwa: daraja lilibadilishwa. Likajengwa la zege kando yake, na Nyanya akafunguliwa kipande kwa kipande. Kila boriti ilitakiwa kuwa na karatasi ya mkaguzi, ama ya kuyeyushwa, ama ya kutumika mahali pengine. Mutisya ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mimi nilikuwa msaidizi wake, lakini nilikuwa na cheti na ruhusa ya kutia sahihi.

Injinia aliyesimamia kazi alimwita Mutisya ofisini kwanza. Mutisya alitoka, akachukua sanduku lake la vyombo, akaketi juu yake uwanjani. Halafu nikaitwa mimi.

"Njagi, wewe ni mtu wa Embu, sivyo?"

"Wa Mbeere, Injinia."

"Si ni kule kule. Sikiliza. Kuna daraja linatakiwa huko kwenu, chini ya Ishiara. Mto unawasumbua watu. Hizi boriti za kati zinatosha urefu kamili, kama zilipimwa kwa ajili ya huo mto."

"Ile ya mashariki ina ufa."

"Ufa wa unywele."

"Unatembea."

"Chini ya treni unatembea. Kwenu kuna treni?"

"Hakuna."

"Kuna nini?"

"Punda. Baiskeli. Watu na miguu yao."

Akanisogezea karatasi. Ilikuwa imeshachapwa: boriti hizi zinafaa kwa kazi nyepesi. Palibaki jina na sahihi tu.

"Mutisya amekataa," akasema, "kwa sababu si watoto wa Kibwezi wanaovuka ule mto. Wewe ndiye unayejua wangapi wamezama."

Nilijua. Mmoja wao alikuwa dada yangu Ngithi. Alikuwa akitoka shuleni, msimu wa mvua, akikanyaga yale mawe tuliyokuwa tunakanyaga wote. Mimi nilikuwa mbele yake nimeshika mikoba yote miwili. Nilipogeuka kumwambia aharakishe, hakuwepo.

Nikatia sahihi.

Nimejiambia mara nyingi kwamba nilitia sahihi kwa ajili ya Ngithi. Huenda ni kweli. Lakini nyinyi ni watu wa hesabu, basi hesabuni na hili: mwezi uliofuata Mutisya aliambiwa amefika umri wa kupumzika, na mimi nikafanywa mkaguzi mahali pake. Sikuiomba nafasi hiyo. Wala sikuikataa. Siku ya mwisho Mutisya alinipa mkono, akaniambia nisiache kugonga, basi, akaondoka. Ningependa kama angenitukana.

Daraja likafika kwetu kwa malori, likafungwa juu ya nguzo za mawe. Siku ya ufunguzi nilikuja likizo. Mbuzi walichinjwa, mchungaji akaomba hadi uji wa watoto ukapoa, na mama yangu, aliyekuwa hajauvuka mto ule tangu Ngithi achukuliwe, akapewa heshima ya kuvuka wa kwanza. Alivua viatu. Alivuka polepole akiwa ameshika ukingo, machozi yakimtoka, na alipofika ng'ambo akapiga vigelegele, wanawake wakampokea.

"Treni haikufika Mbeere," watu wakasema, "lakini Njagi ametuletea mifupa yake."

Nikabebwa mabegani. Nilipokuwa juu ya mabega ya watu nilikuwa nikitazama chini, upande wa kushoto wa kipande, kutafuta nukta ya Mutisya.

Tangu siku hiyo, kila nilipokuja nyumbani, nilikwenda chini ya daraja na chupa ya mafuta ya taa na kipande cha chaki. Mke wangu, Marigu, alifikiri naenda kuoga. Injinia alikuwa amesema kweli kwa kiasi fulani: chini ya punda na baiskeli ufa ulilala. Miaka ikapita, ufa uko pale pale. Nikaanza kupata usingizi. Nikaanza hata kujisifu kimoyomoyo, kwamba Mutisya alikuwa mwoga na mimi nilikuwa na busara.

Kibwezi nilikwenda mara moja tu, niliposikia Mutisya anaumwa. Nilimkuta amekonda, amebaki masikio. Tulizungumza habari za Nyanya, za viatu vilivyokuwa vikianguka, za kuku mzima aliyewahi kutudondokea akiwa hai. Alicheka hadi akakohoa. Halafu akaniuliza, "Ile boriti ya mashariki, waliifanyia nini?"

"Ilikatwakatwa, Fundi," nikamwambia. "Ikayeyushwa."

"Vizuri," akasema. Akafumba macho. "Hiyo ilinisumbua."

Alikufa akiamini hivyo. Sijui kama hilo ni jambo jema nililomfanyia au ni dhambi ya pili.

Nilipostaafu nikarudi nyumbani kwenye shamba langu la ndengu na miembe kumi na minne. Nikawakuta watu wa mambo ya kale wamelipaka daraja rangi ya fedha, wakaweka kibao: chuma cha kihistoria, kilichobeba treni za kwanza. Wageni wakawa wanakuja kupiga picha. Harusi zikawa haziishi bila kusimama hapo, bibi arusi ameegemea ukingo. Walinihoji wakaniandika kama fundi aliyelihifadhi. Rangi ile walipaka wakati wa ukungu wa Julai, juu ya kutu. Niliikwaruza kwa ukucha nikaona.

Kisha malori ya mchanga yakaja. Jiji linajengwa, na jiji linataka mchanga, na mchanga uko kwenye mito yetu. Malori hayo yalikuwa na njia nyingine ya kuzunguka, ndefu, lakini dereva akiona daraja la chuma hawazi mara mbili. Chuma kinaonekana kama kitu kisichokufa. Niliwasimamisha. Dereva mmoja, shavu limejaa majani ya muguka, aliniambia, "Mzee, hii kitu imebeba treni. Lori ni nini?"

Nilishuka chini na chaki yangu. Ufa ulikuwa umeamka. Nikapiga nukta mpya. Baada ya mwezi mmoja ukaipita. Nikapiga nyingine. Nilipofikisha nukta ya nne, nilivaa koti nikaenda Embu kwenye ofisi inayohusika.

Ofisa aliyenipokea alikuwa kijana wa heshima, umri wa mwanangu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaniita Mzee kila sentensi, kisha akaenda kwenye kabati na kurudi na faili. Akafungua, akaigeuza upande wangu. Karatasi ilikuwa imegeuka rangi ya chai. Inafaa kwa kazi nyepesi. Jina langu. Sahihi yangu, ile ya ujanani, yenye mkia mrefu.

"Mzee," akasema taratibu, "nielewe tu. Ulidanganya wakati ule, ama unadanganya saa hii?"

Nilikuwa nimejibu maswali ya mainjinia miaka thelathini na sikuwahi kuulizwa moja lililo wazi kama hilo.

"Wakati ule," nikasema.

"Basi uandike hivyo."

Nikaandika. Nikaeleza na la kufanya: lifungwe kwa magari yote, viwekwe vizuizi vya zege, lakini watu kwa miguu waachwe wapite, mmoja mmoja, kwa sababu uzito wa mtu si kitu kwa boriti ile hata ikiwa na ufa. Nilichora na mchoro.

"Hiyo ya mmoja mmoja haitawezekana," yule kijana akasema. "Nani atasimama pale kuhesabu watu? Nikifunga, nafunga kabisa. Kukitokea kitu ni jina langu sasa, si lako. Daraja jipya litaingia kwenye bajeti."

Hapo ndipo nilipotakiwa kupiga meza. Nilitakiwa kumwambia kwamba ukiwanyima watu daraja hujawanyima mto. Mto bado upo na Ishiara iko ng'ambo. Nilikuwa najua jambo hilo kuliko mtu yeyote aliye hai. Lakini nilikuwa nimechoka, nimeaibika, ile karatasi ilikuwa wazi mbele yangu na mkia wa sahihi yangu unaning'inia. Nikasema, "Sawa, bwana." Nikatoka.

Wiki iliyofuata wakaja na nguzo na seng'enge, wakafunga pande zote mbili, wakaweka tangazo la kumshtaki yeyote atakayepita. Chifu akaitisha baraza kwenye uwanja wa kanisa na kunisimamisha nijieleze. Nikawaambia habari ya ile karatasi. Nikawaambia kwamba nilijua tangu mwanzo.

Kelele zilizotoka pale sijawahi kuzisikia hata chini ya treni. Mtu akauliza kama nilijua siku mama yangu alipovuka. Nikasema nilijua. Mwingine akasema nirudishe nyama ya mbuzi. Wengine wakacheka, lakini si kicheko cha kheri.

Aliyesimama upande wangu alikuwa mmoja tu. Wanjuki, mke wa jirani yangu Ireri, alikuwa muuza ndengu pale sokoni Ishiara, mwanamke mwenye sauti ya kuita watu kutoka kilima hadi kilima.

"Nyamazeni!" akasema. "Amechelewa, ndiyo. Lakini mngependa atuambie lini? Lori likishaanguka na watoto wako chini wanachota maji? Fundi, kaa chini. Umesema."

Nikakaa. Niliwahi kubebwa mabegani mahali si mbali na pale, na haikunipa faraja kama ile.

Bajeti ikaja, ikapita. Watu wa picha waliendelea kuja, wakawa wanapiga wakiwa nje ya seng'enge; wengine walisema na seng'enge inapendeza. Watu wetu wakarudi kwenye mawe. Mimi nikatafuta kamba nzuri, nikaifunga kutoka mti wa upande huu hadi mwamba wa upande ule, nikaikaza kwa fundo ambalo Mutisya alinifundisha la kufungia ubao. Nikawaonyesha watu namna ya kupita: uso kuelekea maji yanakotoka, mikono yote miwili kwenye kamba, mguu mmoja usinyanyuke kabla mwingine haujakanyaga. Siku za soko nilisimama ukingoni kuwakumbusha.

Mvua za Aprili zilianza kwa nguvu. Siku ile ya soko maji yalikuwa ya rangi ya udongo, yamefika mapajani. Niliwaambia wanawake wangoje yapungue. Wengine wakangoja. Wanjuki alikuwa anarudi, ameuza, amebakiwa na gunia dogo la ndengu mgongoni, kamba ya gunia kwenye paji la uso.

"Ngoja kidogo, Mama," nikampigia kelele. "Yatashuka!"

"Ng'ombe wangu hawajui kungoja!" akajibu. "Fundi, wewe na madaraja yako! Ungetuletea mashua!"

Wanawake wakacheka pande zote mbili. Akaingia. Alipita vizuri, uso kwenye maji, mikono yote miwili, kama nilivyowafundisha. Katikati gunia likateleza upande. Akaachia mkono mmoja kulirudisha. Ni hilo tu. Kamba yangu haikukatika. Fundo halikulegea hata kidogo, nililikagua baadaye. Kamba ilibaki imekazwa juu ya maji, na hakukuwa na mtu.

Nilikimbia kando ya mto. Vijana wakanipita. Walimpata siku ya tatu, chini kabisa, kwenye mchanga ambao malori huja kuuchota.

Kwenye mazishi nilikaa nyuma. Wakati wa kuweka udongo, nilikwenda kama wengine. Ireri alikuwa amesimama pale na wanawe wawili. Ni mtu wa maneno machache. Kwa miaka arobaini ya ujirani sijui kama tumezungumza saa nzima. Aliniangalia nikiwa na udongo mkononi.

"Njagi," akasema, "ulinyamaza mahali pa kusema. Halafu ukasema mahali pa kunyamaza."

Hakupaza sauti. Nikaweka udongo wangu nikaenda nyumbani.

Nilikaa siku kadhaa nikimjibu kichwani. Nilikuwa na majibu mazuri. Kwamba ofisa ndiye aliyefunga kabisa. Kwamba niliandika wapite kwa miguu, mchoro upo. Kwamba lori lingeanguka, na lingeanguka na watu wengi. Yote ni kweli, na hakuna hata moja ningeweza kumwambia mtu aliyekuwa anakamua ng'ombe peke yake saa kumi na mbili asubuhi. Na lile aliloliona yeye lilikuwa nusu. Hakujua kwamba nilinyamaza mara mbili: mara ya kwanza mbele ya Injinia, na mara ya pili mbele ya kijana wa heshima aliyeniita Mzee.

Siku ya soko iliyofuata mto ulikuwa bado umejaa. Nilipofika ukingoni sikukuta mtu kwenye kamba. Walikuwa wamesimama juu, kwenye daraja, kama watu thelathini, na mizigo yao. Ireri alikuwa mbele, ana koleo, anakata seng'enge. Hakuna aliyemsaidia na hakuna aliyemzuia. Alipomaliza akaivuta kando, akageuka, akaniona nikija nikihema.

"Itabeba watu?" akaniuliza.

Sikuwa na karatasi wala chaki. Nilikuwa na masikio tu, na mimi si Mutisya.

"Mmoja mmoja," nikasema. "Waachane hatua kumi. Punda washushwe mizigo. Gari hapana, hata pikipiki hapana. Na kila mwezi nishuke chini niangalie. Siku nitakayosema basi, iwe basi."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Ireri akatazama mbao za daraja, kisha akanitazama mimi. Akasogea pembeni, akaacha njia wazi.

"Basi tangulia wewe."

Nikatangulia. Nilivuka nikiwa nimeshika ukingo, rangi ya fedha ikinibandukia mkononi, maji chini yakinguruma, na watu wote wamesimama nyuma yangu, wanasikiliza. Nilipofika ng'ambo niligeuka nikainua mkono. Ireri akaanza kuvuka.

Hivyo ndivyo ilivyo hadi leo. Daraja jipya halijaja, na tangazo la mashtaka bado limesimama pale. Kila siku ya soko nafika asubuhi kabla ya watu, natangulia mimi. Wakishaniona niko ng'ambo ndio wanaanza, mmoja mmoja, na wengi wao wananipita bila salamu.